Shajara ya mradi: kutoka UDP-glukosi hadi UDP-zailosi kwa vimeng'enya viwili vya mmea

Shajara hii inafuata kazi ya kutengeneza UDP-zailosi, yaani zailosi (sukari ya kaboni tano) iliyofungwa kwenye nyukleotidi iitwayo yuridini difosfati (UDP), kwa kutumia vimeng'enya ambavyo mmea wenyewe huvitumia kuandaa sukari za ukuta wa seli zake. Nimeiandika kwa ajili ya mtu atakayetaka kuirudia kazi yenyewe, na kwa hiyo hatua ambazo kila mwongozo wa maabara huzieleza nimezipitia haraka, ilhali makosa nimeyaacha na urefu wake. Gharama nimezihesabu kwa siku, lita za bakteria na kiasi cha malighafi, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyotuishia.

Mmea hauunganishi sukari tupu. Zailosi inayoingia kwenye zailani au zailoglukani, minyororo mirefu ya sukari ya ukuta wa seli, lazima kwanza ibebwe na nyukleotidi, na ni ugunduzi wa sukari nyukleotidi uliompa Luis Leloir Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1970. Njia tunayoifuata ina hatua mbili. Katika ya kwanza, UDP-glukosi dehidrojenasi (UGD) huoksidisha kaboni ya sita ya glukosi na kutoa UDP-glukuroniki, ikitumia molekuli mbili za NAD+, kibebaji cha haidrojeni ambacho kikishabeba huitwa NADH. Katika ya pili, UDP-zailosi sinthasi (UXS) huikata kaboni hiyo hiyo ya sita, nayo ikatoka kama kaboni dioksidi. Ukiitazama juu juu utadhani mmea unajenga chumba ili ukibomoe, lakini UDP-glukuroniki ni njia panda: kutoka hapo hapo kimeng'enya kingine, epimerasi, huchukua sehemu na kuigeuza kuwa UDP-galakturoniki, malighafi kuu ya pektini.

Sababu ya kuitengeneza wenyewe ni kwamba tunataka kuipa XXT1, kimeng'enya cha Golgi (kiungo cha seli kinachoandaa sukari za ukuta) kinachobandika zailosi kwenye uti wa glukani ya zailoglukani, na kiasi tulichokihitaji kilizidi mbali kichupa kidogo cha kununua tulichokuwa nacho kwa ajili ya ulinganisho.

9 Januari. Kuchagua jeni

Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa maabara, ina jeni sita za UXS. Protini za UXS1, UXS2 na UXS4 zimefungwa kwenye utando wa Golgi, na zile za UXS3, UXS5 na UXS6 huelea katika saitosoli, yaani kimiminika cha ndani ya seli. Tulichagua UXS3 kwa sababu protini isiyo na nanga ya utando haina usumbufu mkubwa ndani ya bakteria. Isidhaniwe kwamba kwa kufanya hivyo tumechukua ndugu mdogo: mimea iliyozimwa jeni zote tatu za saitosoli hupungukiwa na zailani na mirija yake ya kusafirisha maji (zailemu) hubonyea, ingawa vile vya Golgi bado vipo, jambo linaloonyesha kwamba sehemu kubwa ya UDP-zailosi hutengenezwa nje ya Golgi kisha husafirishwa ndani na protini kama UXT1.

Kwa UGD, ambayo Arabidopsis ina jeni nne, tulichukua UGD2. Jeni zote mbili ziliwekwa kwenye plasmidi (duara la DNA la kubebea jeni) pET28a, zikiwa na mkia wa histidini sita mwanzoni mwa protini, na mfuatano ukasomwa upya kuhakikisha hakuna kosa.

23 Januari. Joto la kukuzia

Tulianza na UXS3. Bakteria BL21(DE3), aina ya E. coli ya maabara, waliokuzwa katika nyuzi 37 kwa saa nne baada ya kuongezewa IPTG, kemikali inayowaamsha watengeneze protini, walitoa protini nyingi mno, yenye uzito wa molekuli wa karibu kilodaltoni 40 kama ilivyotarajiwa, lakini karibu yote ilibaki kwenye mashapo baada ya sentrifuji. Kushusha joto hadi nyuzi 16, kupunguza IPTG hadi mM (milimoli kwa lita) 0.2 na kuwaacha bakteria usiku kucha kuliirudisha protini kwenye kimiminika cha juu. Jambo hili limeandikwa kila mahali, nasi tulilijua; tulijaribu nyuzi 37 kwa sababu ya haraka, na haraka hiyo ilitugharimu lita mbili za bakteria na siku tatu.

31 Januari. Kolamu iliyogeuka nyeupe

Kolamu ya nikeli, ambayo hushika mkia wa histidini, ina rangi ya samawati iliyopauka, na mtu aliyezoea huitazama bila kujua kwamba anaitazama. Leo, mililita kama kumi za mchanganyiko wa seli zilizovunjwa zilipokuwa zimeshapita, niliona mpaka mweupe ukishuka kutoka juu ya kolamu, ukiwa umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula, na chini yake matone yaliyokuwa yakitoka yalikuwa na samawati ambayo haikustahili kuwamo. Nikeli ilikuwa inavuliwa. Protini yetu ilipita moja kwa moja pamoja na takataka zote, kwani mkia wa histidini haukuwa na cha kushika.

Chanzo kilikuwa vidonge vya kuzuia proteasi, vimeng'enya vinavyokata protini. Vipo vya aina mbili, vyenye EDTA na visivyo nayo, na mkono wangu ulichukua vile vyenye EDTA, ambayo kazi yake ni kunyakua ayoni za metali kama nikeli. Tuliiosha kolamu, tukaijaza upya kwa nikeli salfati, tukakuza bakteria upya. Tangu siku hiyo kopo la vidonge vyenye EDTA limehamishiwa rafu nyingine kabisa, na ningemshauri anayefuata kazi hii afanye hivyo kabla ya kuanza, si baada. Gharama: lita mbili za bakteria na siku tano.

Mzunguko wa pili ulikwenda vizuri. Tuliosha kwa imidazoli, ambayo hushindana na histidini kushika nikeli, mM 20, tukaitoa protini kwa mM 250, tukapata miligramu 12 kwa kila lita ya bakteria. Kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa ulionekana ukanda mnene wa kilodaltoni 40 na kandakanda nyembamba kadhaa juu yake, ambazo siku hiyo hazikutusumbua. Zingetusumbua, tungeokoa wiki tano.

14 Februari. Furaha ya mapema

Kipimo chetu cha kwanza kilikuwa rahisi mno. Tulichanganya UDP-glukuroniki mM 1, NAD+ mM 1 na protini yetu, tukafuatilia ufyonzaji wa mwanga katika nanomita 340, ambapo NADH hufyonza na NAD+ haifyonzi. Namba zilipanda taratibu, kwa mstari ulionyooka, na zilipanda kwa kasi maradufu tulipoongeza protini maradufu. Tuliandika kwenye daftari kwamba kimeng'enya ni hai, tukafunga siku mapema.

Daftari hilo sasa lina msitari mwekundu juu ya sentensi hiyo. UXS haitoi NADH. Hushikilia NAD+ ndani yake. Katika hatua ya kwanza ya mmenyuko humpora sukari haidrojeni ya kaboni ya nne na kuipa NAD+ hiyo, kaboni dioksidi ikatoka, kisha humrudishia sukari haidrojeni ile ile. Hesabu ya NAD+ mwishoni ni ile ile ya mwanzoni. Kwa hiyo namba inayopanda katika 340 ilikuwa dalili kwamba kitu kingine kinafanya kazi ndani ya kopo letu. Mwenzangu ndiye aliyeuliza swali, siku mbili baadaye, wakati wa kunywa chai: hiyo NADH imetoka wapi?

1 Machi. Maandalizi ya plasmidi tupu

Jaribio la ulinganisho ambalo lilipaswa kufanywa kwanza lilifanywa sasa. Tuliwakuza bakteria wenye plasmidi isiyo na jeni yetu, tukawavunja, tukapitisha kwenye kolamu ile ile ya nikeli, tukakusanya kile kilichotoka kwa imidazoli mM 250. Protini ilikuwa kidogo sana, lakini ukanda mmoja ulionekana wazi juu kidogo ya kilodaltoni 70. Tulipouweka mchanganyiko huo pamoja na UDP-glukuroniki na NAD+, namba za 340 zilipanda karibu sawasawa na zile za mwezi uliopita.

Ukanda huo ni ArnA. Wanaosafisha protini kwa nikeli wanamjua kama mgeni asiyealikwa, kwani uso wa protini hii ya E. coli una histidini za kutosha kujishikiza kwenye kolamu bila mkia wowote. Kwa watu wengi ni uchafu tu. Kwetu sisi ni balaa, kwa sababu ArnA, ambaye kazi yake katika bakteria ni kuandaa sukari ya kubadilisha lipidi A ya utando wake wa nje na hivyo kumpa bakteria ukinzani dhidi ya antibiotiki polimiksini, hutumia malighafi ile ile ya UDP-glukuroniki. Naye huiondolea kaboni dioksidi, lakini harudishi haidrojeni: huachilia sukari yenye keto kwenye kaboni ya nne, na NADH hubaki nje. Hapo ndipo namba zetu za 340 zilipokuwa zikitoka.

Spektromita ya masi ilithibitisha. UDP-glukuroniki huonekana katika m/z (uzito kwa chaji) 579 kwa ayoni hasi na UDP-zailosi katika 535, tofauti ya 44 ikiwa ndiyo kaboni dioksidi iliyotoka. Maandalizi ya plasmidi tupu yalitoa 533, yaani haidrojeni mbili pungufu, pamoja na 551, ambayo ni sukari hiyo ya keto ikiwa imebeba maji. Maandalizi ya UXS3 yalitoa yote: 535 kubwa, na 533 na 551 ndogo pembeni. Kwa hiyo UXS3 yetu ilikuwa hai tangu mwanzo, ila kipimo tulichokitumia hakikuwa kinaipima yenyewe. Ni hali ya ajabu kuwa sahihi katika hitimisho na kukosea kila hatua ya kulifikia.

Gharama ya kosa hili ilikuwa wiki mbili za vipimo ambavyo vyote vilitupwa, pamoja na miligramu 30 za UDP-glukuroniki, ambazo ziliuma kuliko wiki.

22 Machi. Kumwondoa ArnA

Tulijaribu kwanza kuongeza imidazoli ya kuoshea hadi mM 50. Sehemu ya ArnA iliondoka na sehemu ya UXS3 ikamfuata. Kolamu ya kutenganisha kwa ukubwa ilisaidia zaidi, lakini mkia wa kilele kimoja uliingia mwanzoni mwa kingine, na kwa kuwa hata alama ndogo ya ArnA hula malighafi, hatukuridhika.

Suluhisho lilikuwa kubadilisha bakteria badala ya kuendelea kusugua protini. Ipo aina ya BL21(DE3) iitwayo LOBSTR, ambamo jeni za ArnA na SlyD, mchafuzi mwingine maarufu wa kolamu za nikeli, zimebadilishwa ili protini hizo zisishike nikeli kwa nguvu. Tulihamishia plasmidi zetu humo. Maandalizi ya plasmidi tupu kutoka LOBSTR hayakuonyesha mwendo wowote katika 340 kwa saa nzima, na 533 haikuonekana tena. Tumeendelea kupitisha protini kwenye kolamu ya ukubwa hata hivyo, kwa uangalifu wa mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka.

Kipimo cha UXS3 sasa kinafanywa kwa kromatografia ya kubadilishana ayoni hasi, tukisoma katika nanomita 262 ambapo yuridini hufyonza. UDP-glukuroniki ina chaji hasi moja zaidi kwa sababu ya kundi lake la kaboksili, hivyo hutoka nyuma ya UDP-zailosi, na vilele viwili hutengana bila ubishi. Jambo moja la kuzingatia: baada ya kolamu ya ukubwa, UXS3 ilikuwa imepoteza karibu nusu ya kasi yake, na kuongeza NAD+ mM 0.5 kuliirudisha. Inaelekea sehemu ya NAD+ iliyokuwa imekaa ndani ya kimeng'enya ilikuwa imeoshwa. Tangu hapo bafa ya kuhifadhia ina NAD+ muda wote.

10 Aprili. UGD, na poda iliyotudanganya kidogo

UGD2 haikuwa na vituko. Kilodaltoni 53, nyuzi 16, LOBSTR, miligramu 8 kwa lita. Hapa 340 ni kipimo halali, kwa kuwa kila molekuli ya UDP-glukosi inayooksidishwa hutoa NADH mbili.

Tuliutumia ukweli huo kuikagua malighafi. UDP-glukosi mM 0.1 ikiisha yote inapaswa kutoa NADH mM 0.2, na kwa kigezo cha ufyonzaji cha 6.22 kwa mM moja na sentimita moja, spektrofotomita inapaswa kusimama kwenye 1.244. Yetu ilisimama kwenye 1.07, ikagoma hata tulipoongeza kimeng'enya. Mwanzoni tulidhani mmenyuko haukufika mwisho. Kumbe kosa lilikuwa kwenye mizani: poda tuliyoipima ni chumvi ya sodiamu mbili, yenye uzito wa molekuli wa 610 na si 566 tuliotumia kwenye hesabu, tena ilikuwa imefyonza maji. Tofauti ya sodiamu peke yake huipeleka hesabu hadi asilimia 93, na maji yakachukua asilimia 7 nyingine ya uzito uliosalia. Tangu siku hiyo hatuamini uzito wa sukari nyukleotidi yoyote. Tunauyeyusha unga, tunasoma 262 na kuhesabu kwa kigezo cha karibu 10 kwa mM, kisha ndipo tunaandika kiasi kwenye mrija.

2 Mei. Vimeng'enya viwili katika chombo kimoja

Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi. UDP-glukosi mM 10, NAD+ mM 25, UGD2 na UXS3 pamoja, nyuzi 30, usiku kucha. Asubuhi tukute UDP-zailosi. Asubuhi tulikuta UDP-zailosi mM 1.5, UDP-glukuroniki karibu hakuna, na UDP-glukosi mM 8 na ushei ikitutazama. Tuliongeza UGD2 mara tatu. Baada ya saa sita tulikuwa na mM 1.9.

Ukweli kwamba UDP-glukuroniki ilikuwa karibu sifuri ulionyesha mahali pa tatizo: UXS3 ilikuwa ikila kila kilicholetwa, ila hakikuletwa. UGD ndiyo iliyosimama. Na kilichoisimamisha ni zao letu wenyewe, kwani UDP-zailosi huzuia UGD. Kwa mmea huu ni mpango wa busara: UDP-zailosi ikishajaa, mlango wa kwanza hufungwa, na UDP-glukosi huachwa kwa selulosi na mahitaji mengine. Kwa mtu anayetaka kujaza chupa, mpango huo huo ni ukuta.

Tulitaka kuuona kwa macho badala ya kuuchukulia kwa imani. Katika kipimo cha 340 chenye UDP-glukosi mM 1 tuliongeza UDP-zailosi mM 0.1 kutoka kichupa cha ulinganisho; mstari uliokuwa ukipanda ulilala papo hapo, na kasi ikabaki chini ya sehemu moja ya tano. UDP-glukuroniki ya kiasi hicho hicho haikubadilisha kitu cha kuonekana.

NADH nayo ilikuwa ikirundikana na kuisonga UGD. Tuliongeza laktati dehidrojenasi na piruvati, ili NADH irudi kuwa NAD+ na piruvati ikawa laktati. NAD+ tuliyohitaji ikashuka kutoka mM 25 hadi mM 1, jambo ambalo lenyewe ni faida kubwa, lakini UDP-zailosi ilifika mM 3.2 tu. Ieleweke pia kwamba ukishaweka laktati dehidrojenasi, 340 haikuambii tena chochote, maana NADH huliwa kabla haijaonekana. Nilipoteza mchana mmoja nikiutazama mstari uliolala nikidhani UGD2 imekufa, ilhali ilikuwa ikifanya kazi vizuri kuliko siku zote.

20 Mei. Kuchelewesha UXS

Kama zao la pili ndilo linalofunga mlango wa kwanza, basi zao la pili lisiwepo mpaka mlango wa kwanza umalize kazi. Tulianza na UGD2, laktati dehidrojenasi, piruvati mM 25 na NAD+ mM 1 peke yake, katika bafa ya Tris mM 100 yenye pH 8.5. Baada ya saa nane katika nyuzi 30, asilimia 96 ya UDP-glukosi ilikuwa imekuwa UDP-glukuroniki.

Hapo nikafanya jambo la bure. Niliona ni lazima UGD2 iondolewe kabla ya kuweka UXS3, nikaupitisha mchanganyiko wote kwenye chujio la kilodaltoni 30, nikapoteza sehemu moja ya kumi ya kimiminika kwenye utando wa chujio pamoja na nusu siku. Mwenzangu akaniuliza UGD2 ingefanya madhara gani ikibaki. Hakuna. UDP-glukosi imekwisha; kimeng'enya kisicho na malighafi, awe amezuiwa au hajazuiwa, ni abiria tu. Katika mzunguko uliofuata tulishusha pH hadi 7.5, tukamwaga UXS3 ndani ya chombo kile kile, tukaenda zetu. Asubuhi UDP-glukuroniki iliyobaki ilikuwa chini ya asilimia 3.

7 Juni. Fungu la kwanza, lililoharibikia mwishoni

Mililita 10 za mmenyuko wa mM 10 zina mikromoli 100. Baada ya kuondoa protini tuliweka mchanganyiko kwenye kolamu ya kubadilishana ayoni hasi. NAD+, laktati na piruvati vilitangulia, UDP-zailosi ikatoka peke yake, na hadi hapo tulikuwa na mikromoli 81.

Kolamu tuliiendesha kwa amonia fomati yenye asidi, kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa tukifanya kwenye vipimo vidogo. Kwenye vipimo vidogo sampuli husomwa na kutupwa. Safari hii tuliipeleka kwenye kivukizi katika nyuzi 40 kwa saa tatu, maji yakapungua, asidi ikakolea, na kifungo kati ya sukari na fosfati, ambacho hakipendi asidi, kikaanza kukatika. Spektromita ya masi ilionyesha 403, ambayo ni UDP iliyobaki peke yake, ikiwa karibu sawa na 535. Kiasi cha 262 hakikupungua hata kidogo, kwa sababu yuridini bado ilikuwamo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba 262 huhesabu nyukleotidi na haimjui abiria aliyebebwa. Tulilitupa fungu lote.

Fungu la pili liliendeshwa kwa amonia bikaboneti, kila sehemu ikawekwa kwenye barafu mara ilipotoka, na siku hiyo hiyo tukaikausha kwa kugandisha. Amonia bikaboneti huondoka yenyewe kwenye ukaushaji huo. Isiachwe mezani usiku, hata hivyo, kwani pH yake hupanda, na sukari nyukleotidi zinazofanana na hii huvunjika pia kwenye alkali. Tulibaki na mikromoli 62 za unga mweupe mwepesi kama pamba.

25 Juni. Je, ni zailosi kweli?

Namba 535 haitoshi. UDP-arabinosi ina uzito ule ule kabisa, na katika mmea hatua moja tu ya epimerasi ndiyo inayozitenganisha, ikigeuza kundi la haidroksili la kaboni ya nne. Hatukuwa na sababu ya kuishuku, ila kosa la Februari lilikuwa bado bichi. Tuliyeyusha mikromoli 12 katika maji mazito yenye fosfati, tukazipima kwa NMR ya haidrojeni, kipimo kinachoonyesha mpangilio wa atomi. Katika zailosi, haidrojeni za kaboni ya tatu na ya nne zimesimama kinyume na kuvutana kwa takriban hezi 9. Katika arabinosi kipimo hicho hushuka hadi karibu hezi 3. Yetu ilikuwa 9, na hakukuwa na kivuli cha arabinosi.

16 Julai. Jaribio la XXT1

XXT1 iliyosafishwa tuliletewa na wenzetu. Mpokeaji wa zailosi alikuwa selohekzaosi, yaani glukosi sita zilizounganishwa kama zilivyo kwenye selulosi, mM 1, pamoja na UDP-zailosi mM 2 na manganizi mM 5 ambayo kimeng'enya hiki hutumia.

Kwa ubahili nilianza kwa kutumia ile sampuli ya NMR. Mara nilipoweka manganizi, mrija uligeuka mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji, kwa sababu fosfati ya maji mazito ilikuwa imeshika manganizi na kutua nayo chini. Hakuna kilichotokea katika mrija huo. Sampuli ya NMR iandikwe kuwa imekwisha matumizi, au iandaliwe bila fosfati.

Jaribio la pili, katika bafa ya HEPES na unga safi, lilibaki angavu. Baada ya saa moja MALDI, aina ya spektromita ya masi, ilionyesha selohekzaosi yenye sodiamu katika 1013 na kilele kipya katika 1145, zailosi moja zaidi. Baada ya usiku kucha kilikuwapo pia 1277, kidogo, yaani zailosi ya pili. Mrija usio na XXT1 na mrija usio na UDP-zailosi ilibaki na 1013 peke yake. Safari hii mirija hiyo miwili iliandaliwa kwanza.

Zimebaki mikromoli 48, zimegawanywa kwenye mirija 24 yenye mikromoli 2 kila mmoja, katika nyuzi 80 chini ya sifuri. Kila mrija una tarehe, namba ya fungu na usomaji wa 262, na mrija mmoja kutoka kila sita utapimwa m/z 403 kabla ya kutumika.